Lebo ya Kwanza Haitolewi

Mwaitu, yaani mama yangu, hakuwa mtu wa kuombaomba. Maisha yake yote aliniomba kitu kimoja tu: siku akifa azikwe kwetu Kabati, kando ya susu, nyanya yangu, karibu na kile kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba. Leo amelala katika ploti yangu nje ya Emali, na hapo jirani wa kwanza ni kituo cha mafuta. Watu wameniambia nisijilaumu. Nawashukuru, ila najilaumu, na sababu ninayo.

Nianze na kazi yangu, kwa kuwa ndiyo iliyoniponza. Mimi ni mtu wa kuvu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi katika chumba kimoja Nairobi kinachohifadhi mimea na kuvu zilizokaushwa. Kila uyoga una bahasha yake, kila bahasha ina lebo, na bahasha zimepangwa ndani ya makabati marefu ya chuma kulingana na undugu wao: spishi ndani ya jenasi, jenasi ndani ya familia, familia ndani ya oda, hivyo hivyo mpaka juu. Nyumbani kwetu Kitui ni Kabati, na riziki yangu imetoka kwenye makabati. Nimetaniwa vya kutosha kwa hilo, kwa hiyo msomaji asijisumbue.

Kabati la mwisho liko karibu na dirisha lisilofunguka, na ndani yake kuna rafu ya kuvu zisizo na mahali. Wataalamu wana maneno yao ya Kilatini kwa hali hiyo, incertae sedis, maana yake makao yake hayajulikani. Ni jenasi zilizo na jina, zilizo na maelezo na michoro, lakini hakuna familia inayozikubali. Zamani nilikuwa naipita rafu hiyo bila kuiangalia. Siku hizi naiona kila asubuhi nikitundika koti, na inanikera.

Sasa nirudi nyumbani.

Susu ni nyanya kwa Kikamba, na susu wangu hakuzaa. Mumewe alikufa akamwachia shamba, ng'ombe wachache, na ndugu za mume waliokuwa wakihesabu siku. Kwetu Ukambani mwanamke wa namna hiyo ana njia. Anaoa. Anatafuta msichana, anapeleka kwao mbuzi wa ntheo, wale mbuzi wa kwanza ambao bila wao hakuna ndoa, na msichana anakuja kuwa mke wa nyumba yake. Anaitwa iweto. Watoto atakaozaa iweto ni wa nyumba ile, wanabeba majina ya nyumba ile, na hakuna anayeuliza mbegu ilitoka ghala gani. Si siri. Watu wote wanajua. Ni kwamba hilo halikuwa swali la mtu yeyote kuuliza.

Susu alipanda lori na mbuzi watatu kutoka Kitui mpaka upande wa Emali, kwa kina mwaitu. Mwaitu alisema alimwona akishuka karibu na stesheni ya reli, mwanamke mfupi mwenye leso mbili, kajaa vumbi, akigombana na dereva kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa amekanyagwa mguu. "Nikajua huyu ndiye amekuja kunioa," mwaitu alinisimulia. "Na nikajua kwamba mtu anayepigania mguu wa mbuzi hivyo hatanionea." Hakuonewa. Walilima pamoja, walikwenda sokoni pamoja, na walinuniana pamoja kama watu wa ndoa yoyote.

Susu alitarajia mvulana. Akanipata mimi, na baada yangu hakuja mwingine. Nikapewa jina lake, kwa sababu kwetu binti wa kwanza huitwa jina la nyanya yake wa upande wa baba, na upande wa baba ndiye huyo. Nikiwa msichana mdogo nilimuuliza kama alisikitika. Alinitazama kama nimemuuliza iwapo chumvi ni tamu. "Nilioa nipate mtu," akasema. "Kwani wewe si mtu?"

Mvua za Novemba zikishapiga, kichuguu chetu kilikuwa kinatoa uyoga wa aina mbili. Wa kwanza ni ule mweupe wenye mguu mrefu unaozama mpaka kwenye makao ya mchwa. Huo ulikuwa wa sufuria, na ladha yake mimi sijaipata katika nyama yoyote. Wa pili ulisimama wima ukiwa na kofia ndefu iliyojifunga, na haukufunguka hata ukizeeka. Kofia ilikauka, ikachanika, na ndani ukatoka unga mweusimweusi. Watoto tulijipaka unga huo chini ya pua tukawa machifu wenye masharubu, tukahukumu kesi za kuku. Mwaitu aliuita uyoga wa unga na hakuuchanganya kamwe na ule wa sufuria. Hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, lakini jicho lake lilikuwa na makabati yake.

Nilipoajiriwa niliukuta uyoga wa unga kwenye vitabu. Jenasi yake inaitwa Podaxis. Vitabu vya zamani viliuweka katika kundi kubwa ambalo jina lake lilitokana na neno la tumbo, kwa sababu wote waliomo huficha mbegu zao ndani mpaka mwili upasuke. Humo walikuwa pamoja na ile mipira myeupe ya malishoni ambayo ukiikanyaga inatoa moshi, na wengine wengi. Lilikuwa kundi linaloeleweka. Mtu yeyote aliyeangalia alikubali kwamba hawa ni ndugu.

Chumba chetu hakikuwa na Podaxis hata mmoja kutoka Kitui. Nikafurahi kupita kiasi, nikamwachia mwaitu bahasha na lebo tupu, nikamwonyesha pa kuandika. Lebo zetu za wakati huo zilikuwa na mstari wa mahali, mstari wa mkusanyaji, na mstari wa mwenye shamba, ambaye anatia sahihi kwamba ameruhusu. Mvua iliponyesha alikausha uyoga juu ya ungo, akanitumia kwa mtu wa basi, na lebo imejazwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Nilikuwa na rundo la kazi. Nilitazama mahali na tarehe, nikapiga chapa lebo mpya safi, nikaibandika nje, na ile yake nikaikunja nikaitia ndani pamoja na uyoga. Sheria ya chumba ni hiyo: lebo ya kwanza haitolewi. Hata kama imekosewa, hata kama jenasi imehamishwa mara kumi, unaongeza kikaratasi kipya chenye jina jipya, ila ile ya kwanza inabaki. Nimeisimamia sheria hiyo kwa ukali. Wenzangu wananiona mkorofi, na ni kweli.

Halafu ikaja DNA.

Kwa watu wa kazi yangu ilikuwa kama kupata macho. Kuvu ambazo zilikaa familia moja kwa sababu ya sura zikaonekana si ndugu kabisa. Kundi la tumbo lilivunjika vipande. Kila mmoja akarudishwa kwao, na Podaxis ikaonekana ni ndugu wa uyoga wa kawaida wa shambani, ule ambao watu wanaukaanga na kitunguu. Nilibandika vikaratasi vipya mpaka vidole vikaota sugu. Nilifurahia. Kuna raha fulani, na siyo raha nzuri, katika kumtoa mtu kwenye kundi ambalo amekaa miaka mia mbili na kumwambia hukuwa wa hapa.

Raha hiyo niliibeba mpaka Kabati, Krismasi moja, susu akiwa tayari ameshazikwa. Tulikuwa tunakula nje. Alikuwapo mtoto wa kiume wa ndugu ya mume wa susu, ambaye kwa desturi ninamwita baba mdogo. Ni mtu mpole wa sauti, mzee wa kanisa, mkulima mzuri wa ndengu. Akaniambia, "Hebu tueleze hiyo kazi yako ya uyoga, maana tunasikia tu unalipwa." Watu wakacheka. Nami nikaeleza. Nikaeleza kundi la tumbo lilivyovunjika. Nikasema siku hizi hatutazami sura wala jina, wala mtu amekaa wapi kwa muda gani. Tunatazama damu. Nikasema, nakumbuka maneno yenyewe, "Mambo ya mazoea yamekwisha. DNA ikisema, hakuna mjadala."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa polepole. "Hakuna mjadala," akarudia, akaguguna mfupa wake. Mwaitu aliendelea kugawa chapati.

Mdomo huponza kichwa. Mimi wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Mwaka wa pili baada ya hapo baba mdogo aliitisha mkutano wa ukoo. Alitaka shamba la susu ligawanywe upya, akasema lilikuwa la ukoo na mwenye nyumba hakuacha mtoto. Wazee wakamkumbusha kuhusu mwaitu, wakamkumbusha kuhusu mimi. Akasema kanisani wanafundishwa kwamba mwanamke haoi mwanamke, lakini yeye hataki kuleta mambo ya dini mbele ya wazee. Yeye atafuata elimu. "Mtoto wetu huyu mwenyewe alitufundisha," akasema, akanielekezea mkono wazi, kwa heshima kabisa. "Apimwe DNA yeye nami. Ikisema ni wa damu ya baba zetu, mimi nitanyamaza."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na dakika moja. Ningeweza kusema mzee, hilo tunalijua sote, sikuzaliwa na mume wa susu, alikufa kabla mwaitu hajafika, unapima nini? Ningeweza kusema hivyo na mambo yangeishia hapo. Lakini niliwaza: mimi, mtu wa vinasaba, nikatae vinasaba mbele ya watu wote? Nilidhani nikionyesha siogopi, karatasi ikija wazee watacheka, watasema haya tulikuwa tunayajua, tupeni chai. Kiburi kinaweza kumfanya mtu mwenye digrii mbili awe mjinga. Nikasema, "Sawa. Tupimwe."

Alasiri hiyo nilimkuta mwaitu ameketi kwenye kigoda akichambua ndengu. Nilitaka anisifu.

"Umekubali?" akauliza.

"Nimekubali, mwaitu. Hatuna cha kuficha."

"Hatuna," akasema. Akatoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa. "Lakini swali hilo hatujaulizwa tangu nije hapa. Sasa umelijibu, ina maana umekubali kwamba lilikuwa swali."

Nilimwambia asihofu. Nilimwambia ninajua ninachofanya. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama yangu, kwa sauti ile ninayotumia kwa wanafunzi.

Tulikwenda Nairobi, baba mdogo nami, tukakaa kiti kimoja cha basi. Alininunulia maji. Tulisuguliwa pamba ndani ya shavu, tukaweka sahihi, tukaambiwa tusubiri. Njiani kurudi aliniuliza kama uyoga una damu, nikamweleza, na alisikiliza vizuri. Sijawahi kuwa na mwanafunzi msikivu kama yeye.

Karatasi ilipokuja ilisema kile ambacho kila mbuzi wa Kabati alikijua: hakuna undugu. Chifu alialikwa, ikasomwa mbele ya mkutano wa pili. Nilisubiri wazee wacheke, na hakucheka mtu. Watu waliokuwa wakijua kwa miaka hamsini wakaanza kutazamana kana kwamba wamepigwa na habari mpya. Kuna mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye alikula nyama siku mwaitu alipoletwa. Alikuwa akinisimulia mwenyewe jinsi susu alivyopima kila kipande. Nikamgeukia, nikamwambia, "Wewe ulikuwapo. Sema." Akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Nilikuwapo," akasema. "Lakini karatasi imesema. Mimi nitabishana na karatasi?"

Baba mdogo akauliza, bila kupandisha sauti, "Kama mtoto si wetu, basi mama wa mtoto alikuja kwa nani?"

Hapo ndipo niliposimama na kujaribu kusema nusu ya pili ya kazi yangu, ile ambayo sikuisema Krismasi kwa kuwa haikuwa na raha. Niliwaambia kwamba hata sisi watu wa kuvu tuna sheria ya kulinda jina. Kwa kawaida jina la kale zaidi ndilo linaloshinda, na kila kitu hupangwa kwa undugu. Lakini likitokea jina ambalo watu wengi wamelitumia muda mrefu, na kulifuta kungevuruga zaidi kuliko kusaidia, wataalamu hukaa, hupiga kura, na jina lile linahifadhiwa kinyume cha sheria yenyewe. Hakuna anayesema kwamba damu imebadilika. Wanasema tu kwamba mazoea nayo yana haki yake. Nikasema nyumba ya susu imeitwa nyumba kwa miaka hamsini, na mbuzi wa ntheo walipelekwa, na waliokula nyama wamekaa hapa. Niliwaomba wapige kura.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha baba mdogo akasema, "Krismasi ulituambia mambo ya mazoea yamekwisha. Siku hiyo ulikuwa unatudanganya, au unatudanganya leo?"

Sasa ndiyo wakacheka. Nikakaa chini.

Hawakumfukuza mwaitu. Ningependa wangemfukuza, nipate mtu wa kupigana naye. Walisema anaweza kuendelea kukaa katika nyumba kwa huruma ya ukoo, mpaka Mungu atakapomwita. Ila kaburi, wakasema, kaburi ni la watu wa ukoo. Mwaitu alisikiliza, akawashukuru, akainuka akaenda kuwafungulia mbuzi. Akufukuzaye hakwambii toka. Wiki iliyofuata alikuwa amefunga vitu vyake katika magunia mawili. Ungo, jembe, kigoda, nguo, Biblia, na picha moja ya susu amekunja uso.

Nilimtafutia wakili, na wakili alisema kesi ya namna hiyo tunaweza kushinda, mahakama zinaijua desturi. Mwaitu alikataa. "Sitakwenda kortini kuuliza kama niliolewa," akasema. Nilimbembeleza wiki mbili, nikamkasirikia, nikamwambia ni mbishi. Akaniambia ubishi wangu mimi ndio umetufikisha hapo. Ni mara moja tu aliyosema hivyo. Aliniomba radhi jioni hiyohiyo, na hiyo radhi ndiyo iliyoniumiza.

Nilikuwa na ploti ndogo Emali yenye vyumba viwili, niliyoinunua nikifikiria uzee wangu. Nilimpeleka huko kwa sababu niliona ni karibu na kwao alikozaliwa. Nami nikawa nakuja kila mwisho wa wiki. Mtoto wa kaka yake alifika kumwona na jogoo mkononi. Alikuwa kijana mwenye heshima, akala, akamsifu shangazi yake. Alipokuwa anaaga akasema, akiangalia viatu vyake, "Shangazi, wazee wameniambia nikueleze mapema kusije kukawa na fujo. Sisi tulikutoa kwa ntheo. Mbuzi walipokelewa. Hatuwezi kukuzika kwetu kama msichana ambaye hakuolewa."

Mwaitu alicheka, kicheko chake cha kweli, nilikuwa sijakisikia muda. "Huku nimeolewa, kule sikuolewa," akasema. "Mbuzi walishaliwa, na mimi ndiye nimekosa zizi." Yule kijana hakujua kama acheke au la. Nami nilikuwa jikoni na sufuria mkononi, nikakumbuka ile rafu ya mwisho karibu na dirisha.

Aliishi Emali misimu miwili ya mvua za Novemba. Malori yanayopinda kwenda Loitokitok yalimkosesha usingizi, lakini hakulalamika. Kila Novemba aliuliza swali moja. "Kichuguu kimetoa?" Sikuwa na mtu wa kumpigia simu Kabati kuuliza, na nilikuwa naona aibu kusema hivyo, kwa hiyo nilimwambia kimetoa. "Wa sufuria au wa unga?" Nikasema wote wawili. Akaridhika, au alijifanya. Baadaye nilisikia kwamba baba mdogo alikisawazisha kichuguu kwa trekta mwaka uleule tuliohama, akapanda ndengu juu yake.

Alifia Makindu hospitalini, asubuhi, moyo umechoka. Mimi mwenyewe niliandika wasifu wake kwa ajili ya ile programu ya mazishi. Kwenye mstari wa ndoa niliandika kwamba alikuwa mke wa susu, na nikaandika jina la susu kamili. Kijana wa kuchapisha aliniuliza mara mbili kama sijakosea. Pasta, ambaye ni mtu mwema na aliyekuja siku zote kumwombea, alipofika kwenye mstari huo akasoma mpaka neno "mke", akakohoa, akaruka mpaka kwenye tarehe aliyookoka. Watu walikuwa wachache, wengi wateja wa kituo cha mafuta na majirani wa wiki mbili tatu. Nilitaka kusimama niusome mstari huo kwa sauti. Sikusimama. Nilishazoea kukaa chini.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Mwaka huu chumba chetu kimeanza kupiga picha kila bahasha, nje na ndani, ili watu wa mbali waone bila kusafiri. Nilipewa makabati ya familia ambayo Podaxis ilihamishiwa, na nilijua nitaifikia ile ya Kabati, nikawa naiogopa kidogo. Niliifikia Jumanne baada ya chakula. Nje kulikuwa na lebo yangu ya chapa na vikaratasi vyangu viwili juu yake, kimoja cha kundi la tumbo, kingine cha familia mpya. Ndani uyoga ulikuwa mzima, umesinyaa tu, na unga mweusi umejaa kwenye mikunjo ya karatasi.

Nikaikunjua lebo ya mwaitu. Nilikuwa sijaisoma yote tangu siku nilipoikunja, na sitaki kujitetea kwa hilo. Mwandiko wake wa darasa la nne, herufi zimelalia upande mmoja. Mahali: Kabati, kichuguu cha nyuma. Mwenye shamba ameruhusu: jina la susu, ambalo ni jina langu, na pembeni yake dole gumba la susu mwenyewe, amelibandika kwa wino kwa nguvu mpaka karatasi ikabonyea. Mkusanyaji: hapo mwaitu hakuandika jina lake. Aliandika neno moja, "mkewe".

Nilikaa nayo mkononi mpaka mwenzangu akaniuliza kama taa ya kamera imeharibika. Dole la susu lilikuwa kwenye kabati langu, la chuma, lenye funguo ninazozibeba mfukoni, siku zote mbili za mkutano na siku ile niliyofungua mdomo wangu wasugue pamba.

Nilipiga picha. Kwenye kompyuta mstari wa mkusanyaji unataka majina mawili, la mtu na la familia, la sivyo haukubali kuhifadhi. Nilijaribu mara tatu kuandika alivyoandika yeye, ikakataa. Basi niliujaza kwa jina lake na la susu, nikaikunja lebo kwenye mikunjo yake ileile, nikairudisha ndani.